Kaltumi Anachezesha

Jumapili saa tisa alasiri, Kaltumi alikuwa akichezesha mechi ya mafundi wa gereji za Kisenyi, Kampala. Mpira ulimpiga mdomoni, akameza filimbi. Dakika zilizobaki alizimaliza kwa kupiga makofi.

Kesho yake, akiwa anamnyonyesha mwanawe, filimbi ililia kifuani mwake. Chumba cha tatu kutoka chake, konda mmoja alikuwa anampiga mkewe. Konda akasimama, mkono juu, akasubiri. Filimbi iliponyamaza akaendelea. Mtoto hakuacha kunyonya.

Watu walizoea upesi. Kuchezesha, kama mafundi walivyojua, ni kusimamisha watu, kuonyesha kosa, kisha kuruhusu mchezo.

Alhamisi mchana walikuja shemeji zake Rosebella, jirani wa Kaltumi, ambaye wiki mbili nyuma alimzika mumewe Masinde huko Bungoma. Walikuja kumchukua Nabangala, binti ya Rosebella wa miaka mitatu. Wangila, mkubwa wao, alipomshika mtoto mkono, filimbi ikalia. Wote wakasimama.

"Refa, ni faulo?" Wangila aliuliza.

"Faulo kabisa, ssebo. Mtoto ana mama."

"Na sisi ni ukoo wake. Lakini sawa." Akamwachia, akahesabu hatua kumi nyuma. Ndugu zake wakajipanga ukuta, mikono mbele ya suruali.

"Mnafunika nini hapo?" alisema Shakirah, jirani mwingine aliyekuwa anafua. "Hakuna mtu anaitaka."

Rosebella alisimama katikati ya ua, zamu ya kupiga faulo ikiwa yake. "Hii mtoto nimezaa mimi," alisema. "Baba yake ameenda. Niachieni huyu."

Maneno yalifika kwenye ukuta, yakadunda, yakaanguka karibu na beseni. Shakirah akayasogeza kwa mguu ili anyanyue ndoo.

"Umepiga, Mama Nabangala," Wangila alisema kwa heshima, akamshika tena mtoto.

Kaltumi aliingia ndani mbio, akatoka na kadi nyekundu, akaiinua juu kabisa. Hakuna mchezaji wa Kisenyi aliyewahi kuikataa.

Wangila aliitazama. "Haki yako, refa. Natoka."

Akambeba Nabangala.

Filimbi ililia, safari hii ndefu. Rosebella, aliyekuwa akiwakimbilia, akasimama hatua moja kutoka mlango wa ua, mikono mbele. Shakirah akasimama. Nje, bodaboda na magari yote yakasimama. Aliyeruhusiwa kutembea ni yule aliyetolewa tu, naye alivuka barabara na mtoto polepole, bila kuangalia kushoto wala kulia.