Mnunuzi wa Nje ya Mlango

"Mama, usiondoke. Nakupunguzia."

Hakuwa anaondoka. Alikuwa amesimama barazani, nje ya duka la spika, mgongo ukutani na macho kayafumba, anasikiliza. Ndani, sabufa yenye taa za bluu ilinguruma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, alikuwa amekimbilia mlangoni na bei mpya mdomoni.

"Siondoki, baba. Nasikiliza."

"Wateja wangu husikilizia ndani."

"Mimi nimezoea nje."

Na kweli alikuwa amezoea. Miaka ishirini na miwili alifagia ukumbi wa sinema, na meneja alikuwa na sheria moja: filamu ikianza, mfagiaji atoke, akae kwenye korido na ndoo yake mpaka watu waondoke. Basi akakaa. Mwezi wa kwanza alisinzia. Wa pili, masikio yakaanza umbeya. Mwaka haujaisha, alikuwa anajua kupitia ukuta nani kaingia, nani anampenda nani, na nani hatafika mwisho wa filamu. Kisu kikiwekwa mezani na kijiko kikiwekwa mezani, alijua kipi ni kipi. Picha zenyewe aliziona vipande vipande tu, pale mtu alipofungua mlango kukimbilia msalani. Usimwonee huruma. Mwenyewe anasema waliokata tiketi walikosa mengi.

Kisha ukumbi ukauzwa, ukawa ghala la magodoro. Akapewa kiinua mgongo ambacho, tuseme ukweli, hakikuinua hata bega. Nusu ilikwenda kwenye dawa za dada yake. Nusu nyingine ilikuwa hapo, imefundikwa kwenye pindo la khanga, na lengo lake lilikuwa moja.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mwaka uliopita kisukari kilimmaliza macho, akaletwa kukaa kwa mdogo wake. Siku za mwanzo alikaa sebuleni na wenzake wakati wa tamthilia, akiuliza: nani huyo, kafanya nini, mbona kimya? Wakamjibu. Halafu siku moja shemeji yake, bila ubaya wowote, akasema, "Shemeji, subiri matangazo." Tangu hapo televisheni ikiwashwa tu, dada anapapasa ukuta na kurudi chumbani. Na wiki hii ndiyo kaja na kubwa zaidi: Jumapili arudishwe kwake, kwenye nyumba tupu yenye ngazi tisa na jiko la mkaa, akae peke yake.

"Televisheni ni ya wenye macho, mdogo wangu," alisema. "Nimechoka kuwa mzigo wa maswali."

Leo ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mfagiaji alilia kidogo jikoni, akanawa uso, akaanza kufikiri. Macho hakuwa nayo ya kumpa. Lakini korido ya miaka ishirini na miwili, hiyo alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa televisheni yenyewe. Sauti zote zilitoka humo kama watu waliofungiwa kwenye debe moja, hujui nani yuko kulia wala nani kaondoka.

"Hii ngoma siinunui," alimwambia muuzaji aliporudi ndani. "Niwekee watu wanaoongea. Na mmoja wao atembee."

Muuzaji alimtazama, akaweka filamu. Seti ya kwanza ilikuwa na spika tano. Mfagiaji akainama kwenye kila moja, akatega sikio.

"Hizi za nyuma zinasema nini?"

"Zinakuzunguka, mama. Unakuwa katikati ya mambo."

"Zinasema yaleyale ya mbele. Hapa nimezungukwa na mtu mmoja mara tano."

Ya pili ilikuwa spika moja ndefu ya kuweka chini ya televisheni. Akatoka nje, akafumba macho. Maneno yalikuja safi, hakuna ubishi. Ila yule mtu aliyekuwa anatembea, alitembea palepale alipo, kama anakanyaga udongo wa kukandika nyumba. Akatikisa kichwa. Muuzaji alikiona kile kichwa, akashusha bei tena.

"Na hizo je?" mfagiaji akauliza.

Alikuwa anaonyesha masanduku mawili ya mbao, yamechubuka pembeni, na amplifaya ndogo kati yao. Juu ya moja palikaa chupa ya chai ya muuzaji.

"Hizo zimetumika, mama. Hazina sabufa. Hazina hata taa."

"Atakayezisikiliza haoni taa."

Muuzaji aliondoa chupa yake, akafuta vumbi kwa mkono wa shati, akaunganisha nyaya taratibu. Mfagiaji akatoka.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha mlango ukafunguka upande wa kushoto. Viatu vya ngozi vikaja, vikapita mbele yake kabisa, vikasimama kulia, karibu na mwanamke aliyekuwa anakunja nguo. Kabla hajasema neno, yule mwanamume alimeza mate. Kuyasikia yale mate, mfagiaji alisisimka mwili mzima.

"Mama, neno la mwisho," muuzaji alikuwa tena mlangoni. "Toa theluthi mbili tu, tumalizane."

"Irudishe nyuma kidogo."

"Bei?"

"Filamu, baba."

Hadi leo muuzaji yule anasimulia kwamba hajawahi kupatana bei na mtu mgumu kama mama aliyekuwa anatoka nje kila baada ya dakika tano.

Jumamosi mchana mume wa mfagiaji alisogeza kabati, akafunga nyaya. Mfagiaji akayatenganisha masanduku, moja dirishani, moja karibu na mlango, akaweka kiti cha dada katikati. Kumtoa chumbani ikawa kazi nyingine.

"Dakika moja tu," dada alisema. "Bado sijafunga vitu vyangu."

Filamu ikaanza. Mfagiaji alikuwa amejiandaa kusimulia kila kitu, hata koo alikuwa amelisafisha.

"Haya dada, hiki ni chumba. Kuna meza, kuna mwanamke, na kuna mwanamume kaingia, kavaa..."

"Nimemsikia."

"Kavaa koti la..."

"Nimekuuliza koti? Hebu nyamaza."

Akanyamaza. Kwenye kioo yule mwanamume, kijana mzuri wa sura, alikuwa amejishika kichwa, machozi yanamtiririka.

"Maskini," mfagiaji akanong'ona.

"Anadanganya huyo."

"Umejuaje?"

"Mtu akilia hupumua kwa shida. Huyu anapumua kama anasubiri chakula." Dada aliinamisha kichwa upande mmoja. "Sogea, mdogo wangu. Unaniziba."

Mfagiaji akasogea. Viatu vilianza kutembea. Kidole cha dada kikainuka kutoka magotini, polepole, kikavifuata: kutoka dirishani, kikapita juu ya meza, juu ya kichwa cha shemeji yake aliyekuwa hathubutu kukohoa, kikaenda hadi karibu na mlango, kikasimama hapo. Viatu vilikuwa vimesimama pia.

Picha yote ilikuwa mbele ya mfagiaji, kubwa, yenye rangi, bila ukuta wowote. Hakuitazama. Alikuwa anakitazama kile kidole, kitakwenda wapi sasa.