Pointi ya Tatu

Baba yangu Nicodemus ni mtu wa kuficha. Akinunua sukari anaificha, akiugua anaficha, na siku alipoanguka ufuoni Port Victoria, mkono wa kulia na ulimi vikafa ganzi pamoja, nilifikiri sasa hata maneno amefichwa. Nilimleta hospitali Kisumu, nikaiacha meza yangu ya samaki kule Obunga, nikakaa kando ya kitanda chake na hasira ambazo sikujua nimmwagie nani.

Nyavu zake zilikuwa zimebaki ziwani. Ndugu yangu Waswa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto wa mjini asiyejua hata kuogelea, akasema atazitoa kabla wezi hawajamtangulia.

"Jipiesi ya mzee si iko? Nitafuata pointi tu."

Hilo neno pointi limetulia kinywani mwa kila mtu pale ufuoni. Ukiwa ziwani mahali unapotaka kupakumbuka, unabonyeza jipiesi, kile kidude cha kuonyesha njia, nacho kinahifadhi mahali hapo kwa namba, wewe unakipa jina. Kesho yake kinakuonyesha mshale wa kukurudisha. Ukifika pointi moja, mshale unageukia inayofuata, hadi ufike. Ziwani hakuna duka la kona wala mti wa kusema kata kushoto hapa, kwa hiyo pointi ndizo kona zenyewe. Mtu anayejua kusoma mshale anaweza kupita maji ambayo hajawahi kuyaona, na Waswa anajua kusoma mshale.

Asubuhi hiyo alinipigia simu akiwa tayari ndani ya mashua.

"Sister, natoka sasa. Nimekutumia lokesheni kwa WhatsApp, utaniona nikienda. Simu naifunga kwa juala ya plastiki isishike maji."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu. Nikibeba mtu, kesho atajua pointi za mzee, keshokutwa nyavu zimeenda. Wewe unajua watu wa hapa."

Nilimwambia ni mjinga kama baba yake. Akacheka, akakata. Muda si muda ikaingia picha ya kioo cha jipiesi, na chini yake ameandika: *Mzee hajui kuhesabu! Moja, mbili, nne, tano. Ameruka tatu.*

Nilicheka mimi pia. Baba alikuwa macho, nikaona nimchangamshe kidogo, nikamsomea. Nikamwonyesha na kile kidoti cha buluu kikiondoka ufuoni.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alinishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akanivuta hadi nikakaribia kumwangukia. Koo lake lilitoa sauti isiyokuwa neno. Nilidhani ni maumivu, nikamwita nesi, nesi akaja, akampima, akasema presha imepanda na nisimsumbue mgonjwa. Alipoondoka baba alikuwa bado ananing'ang'ania, macho yakiwa kwenye simu.

Ndipo nikaanza kuelewa, na natamani ningekuwa mwepesi zaidi. Mwaka jana wezi waliiba jipiesi yake ya kwanza, wakafuata pointi, wakabeba kila wavu. Akanunua nyingine.

"Baba, nifinye mkono kama ni ndiyo. Hiyo ya tatu uliifuta?"

Akafinya.

"Kwa sababu ya wezi?"

Akafinya.

"Kuna nini kati ya mbili na nne?" nikamuuliza, swali la kipumbavu kwa mtu asiye na ulimi. "Magugu?" Kimya. "Nyavu za watu?" Kimya. "Mawe?"

Alifinya hadi pete ikaniumiza.

Pointi ya tatu ilikuwa kona ya kukwepa mawe yaliyojificha chini ya maji. Yeye aliibeba kichwani mwake, akauachia mshale umtoe mwizi kwenye mbili na kumpeleka nne kwa mstari mmoja. Huo ndio ulinzi aliouweka, na hakumwambia mtu, hata sisi wanawe.

Nikapiga simu. Ikaita. Ikaita hadi ikakatika yenyewe. Iko ndani ya juala, injini inanguruma, angesikiaje? Nikapiga tena. Nikamtumia ujumbe, nikamtumia mwingine wa sauti nikipiga kelele wodini, watu wakageuka. Nikampigia Odongo, mwenye mashua jirani na ya baba.

"Metrine, injini yangu iko kwa fundi," alisema. "Na hata nikipata ya mtu saa hii, huyo ameshaenda. Wewe mpigie tu."

"Nampigia, Odongo! Hashiki!"

"Basi endelea kupiga. Wacha niulize watu hapa."

Kidoti kilifika pale ambapo picha ilionyesha pointi ya pili. Nilikiombea kipotee njia. Nilimwomba Mungu mafuta yaishe, propela ishike magugu, Waswa aone njaa arudi, chochote. Kikageuka kidogo, kikaelekea nne bila kupinda, mtoto mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mimi nilikuwa naona kila kitu na sikuwa na la kufanya zaidi ya kubonyeza jina lake tena na tena.

Kikasimama.

Nilisubiri kiendelee. Nikatikisa simu, eti labda ni mtandao. Nikapiga: ikaita, ikaita. Nikapiga tena, na safari hii haikuita.

Baba alinyoosha mkono. Sikutaka kumpa, lakini ningemnyima vipi? Nikamshikia simu mbele ya uso wake. Aliweka kidole gumba juu ya kidoti, akakisukuma kushoto polepole, kama mtu anayegeuza mashua. Ramani yote ikasogea nacho, ziwa na ufuo, Waswa akiwa palepale. Baba akainua kidole, akakiweka tena, akasukuma.