Kikohozi cha Bibi

Kipanga alikuwa akipaka kitako cha gobore mafuta ya kupikia, maana mafuta ya bunduki hayakuwapo, huku mkewe akikung'uta gunia la kulifungia. Siku hiyo polisi mjini walikuwa wanakagua silaha za raia. Asiyepeleka yake, leseni inakufa, na leseni ikifa bunduki inaifuata.

Gobore lenyewe lilikuwa la babu yake, mtutu mrefu na kitako kilichobanwa kwa waya, na bonde zima lililiita Bibi. Bibi hakuwahi kuua hata ngiri. Kazi yake ilikuwa kukohoa. Akikohoa mara moja juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya mashamba, tembo hugeuza njia, nguruwe hutimua mbio, na majirani kwenye vibanda vyao hugeukia ubavu wa pili wakaendelea na usingizi. Bonde zima halikuwa na silaha nyingine. Na mahindi yalikuwa yamekomaa, yanangoja kukauka tu.

Dunguni kulikuwa na sheria moja. Anayeshindilia baruti na risasi hufunga kitambaa chekundu mdomoni mwa mtutu. Anayefyatua hukifungua. Hakuna kuulizana. Gobore si bunduki ya kisasa, kwamba utavuta chuma risasi idondoke. Likimeza limemeza, halitoi mpaka likohoe.

Usiku uliopita Kipanga alilala nyumbani na homa, mkewe ndiye aliyekesha dunguni. Asubuhi alilikuta gobore limeegemea ukuta, mdomo wazi, hakuna kitambaa. Hakuuliza. Mkewe alilitia guniani, akalifunga mwenyewe, akaukunja mdomo wa gunia juu ya fundo, akasema asiende kwa wakubwa amelining'iniza begani kama jangili.

Barabara ya mjini ni moja, nayo inakata katikati ya hifadhi. Sheria ya hifadhi ni kwamba raia haingii na silaha. Mwenye leseni anayesafiri hupita, ila bunduki iwe tupu, iwe imefungwa, aionyeshe getini itiwe lakiri. Kila mwaka Kipanga alikuwa akifanya hivyo, kisha anapanda basi na abiria wenzake.

Koplo wa getini alimfahamu. Alikuwa akinunua mahindi kwake.

"Bibi hajambo?" alimwuliza.

"Hajambo. Kifua tu."

"Mpeleke hospitali, mzee. Kila mwaka unampeleka polisi, atapona vipi?"

Wakacheka. Mbele yao lilikuwa limesimama gari la wawindaji wa kulipia, waliokuwa wakielekea kitalu chao cha uwindaji upande wa pili wa hifadhi. Mkuu mpya wa geti, kijana mwenye sare iliyonyooshwa ikasimama yenyewe, alitazama karatasi zao, akatazama makasha marefu ya bunduki nyuma ya gari, hakufungua hata moja. Akapiga saluti. Kizuizi kikanyanyuka. Kisha akaja kusimama nyuma ya koplo, mikono mgongoni.

Koplo akafungua gunia. Kipanga akaona kilicholifunga. Kitambaa chekundu.

Akataka kusema neno, lakini koplo alikuwa ameshachomoa mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia, akaudondosha ndani ya mtutu. Mdeki ukiingia kwenye gobore tupu huzama mpaka ncha. Huu ulisimama, urefu wa kiganja kizima ukabaki nje. Koplo alimtazama Kipanga, kisha kwa upole akaanza kuuchomoa, kama mtu anayefunga mlango aliokosea.

"Rudisha," mkuu akasema. "Imejaa hiyo."

Koplo alijaribu. Alieleza kuwa gobore halina fataki, kile kiwashio cha baruti, na bila fataki hata ulipige nyundo halilii, ni sawa na bomba la maji. Mkuu alimjibu kuwa sheria haikutaja fataki. Sheria ilisema silaha iliyojaa ndani ya hifadhi ni kosa, na hii imejaa, na hapa ni hifadhi.

Kipanga akaomba atoke nje ya geti alifyatue hewani. Akaambiwa hata nje pale bado ni eneo la hifadhi, na kufyatua risasi ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Nani aliishindilia?" mkuu akauliza.

Kipanga alikitazama kile kitambaa mkononi mwa koplo. Leseni ilikuwa na jina lake peke yake. Mwanamke aliyekesha peke yake dunguni, akaogopa, akashindilia, kwa sheria alikuwa amebeba silaha isiyo yake. Neno moja tu, na wangekwenda wawili.

"Mimi, afande."

"Ukaja nayo hapa?"

"Nilisahau."

Koplo akageuza uso upande wa barabara. Alijua huyu mzee si wa kusahau.

Mkuu akatamka hukumu yake kama anayesoma bei ya sukari. Bunduki inabaki, leseni inakwenda kufutwa, na yeye ataitwa mahakamani. Ashukuru analala kwake.

"Sawa, afande," Kipanga akasema. "Ila nifahamishe. Tembo wakitoka humu kuja shambani kwangu, wao hukaguliwa geti gani?"

Basi lilikuwa limefika, na abiria waliochungulia madirishani wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Alisema hayo akawaulize waliotunga sheria, kisha akaagiza maji.

Koplo ndiye aliyepewa jagi. Alilisimamisha gobore ukutani, akalimiminia maji mdomoni taratibu, mpaka yakafurika, yakachuruzika meusi juu ya mtutu, juu ya mafuta ya kupikia, yakaingia kwenye mbao za kitako. Ndivyo walivyoiua baruti. Kipanga alisimama akiangalia mpaka mwisho, kwa sababu hakuona adabu kumpa Bibi mgongo.

Basi likaondoka. Koplo akamfuata hatua chache, akamtia kitambaa kiganjani.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Wewe ulipewa jagi tu."

Njiani majirani walimwuliza habari za mjini. Aliwajibu ni njema, akapita.

Jua lilikuwa linainama alipofika. Mkewe alitoka jikoni, akamtazama mabega, akatazama mikono, hakuona gunia.

"Bibi yuko wapi?"

"Wamembakiza. Wanasema amezeeka, si salama tena."

Mkewe akakaa kwenye kizingiti. Kisha akashtuka, akaweka mkono kifuani.

"Baba watoto, jana nilimshindilia. Nguruwe walikuja wakakimbia, sikufyatua. Asubuhi nikatafuta kamba ya gunia nikaikosa, nikachukua kile kitambaa. Niliwaza nitakuambia, ukaniita nilete chai." "Hawakumkuta amejaa?"

Kipanga alivua viatu kwanza. Akavigonga ukutani, kimoja baada ya kingine, vumbi likatoka.

"Nilimfyatua njiani," akasema. "Walimkuta mtupu."

"Mbona sikusikia?"

"Upepo."

Mkewe aliinuka akachukua sufuria kubwa, mwiko na kipande cha bati, wakaenda dunguni wote wawili, Kipanga na homa yake. Kipanga akakifunga kitambaa chekundu kwenye mwiko.

Tembo walitoka hifadhini kabla mwanga haujaisha, kundi la majike na ndama wao, wakaingia kwa upande wa shamba la jirani. Mke akapiga bati. Kipanga akapiga sufuria kwa nguvu zake zote. Jike kubwa likasimama, masikio wazi, na nyuma yake kundi zima likasimama. Walijua kinachofuata kelele za binadamu. Walingoja Bibi akohoe.

Wakangoja kidogo tena. Kisha jike likanyoosha mkonga, likang'oa bua la kwanza.