Kikombe cha Nasambu

Harufu ilimpokea Agneta mlangoni kabla baba yake hajamkaribisha. Ilikuwa kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye sufuria wiki nzima.

"Ni maji ya kaunti hayo," mzee Sifuna alisema, akatema mate nje. "Wakubwa wanakunywa ya chupa, sisi wanatufungulia ya mtaro. Sasa wameua hata ua la mama yako. Si walianza na yeye mwenyewe, hospitali haina dawa?"

Ua lilikuwa dirishani, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Mama huyo, Nasambu, ndiye aliyelipanda, na tangu azikwe shambani kule Kitale, nyumba hii ya Kanduyi, mjini Bungoma, haikuwa na kitu kingine chake kilicho hai. Majani yake ya manyoya yalikuwa yamelala, meusi, yanateleza kama makamasi. Vijidudu vilirukaruka juu ya udongo.

Agneta alichovya kidole mkebeni, akanusa.

"Baba, hii si maji. Hii ni chai!"

"Ndiyo. Ya mama yako."

"Unamwagilia ua chai ya maziwa?"

"Sasa nimpelekee wapi? Kaburi liko Kitale, mimi niko Bungoma hapa natengeneza baiskeli za watu. Kila asubuhi napika vikombe viwili, vile tulizoea. Chake nampea hapo. Ama ulitaka nimwage nje kama maji ya vyombo?"

Agneta aliupindua mkebe juu ya gazeti kuukuu. Chini haukuwa na tundu hata moja. Mizizi ilitoka imeoza, na funza mmoja akajikunja juu ya picha ya mheshimiwa fulani akizindua kisima.

"Muache hapo hapo," Sifuna alinguruma. "Amefika kwao."

Lakini mzee aliitazama tena mizizi iliyooza. Chai ile hakuna mkubwa aliyeipika.

Katikati ya uozo lilibaki jani moja la kijani. Agneta alilikata, akatoboa mkebe mwingine kwa msumari, akalichomeka kwenye udongo mpya.

"Hili litashika, baba. Ila nilipeleke Kitale."

"Wewe! Linakaa hapa."

"Basi maji tu. Tena kidogo."

Kesho yake, Agneta akiwa ameshaondoka, Sifuna alipika vikombe viwili. Mkono ulienda dirishani wenyewe, ukasimama juu ya lile jani. Akaurudisha, akakaa, akakinywa kikombe cha Nasambu. Sukari ilimnata kooni.

"Ghai!" alikunja uso. "Mama Agneta, kumbe ulikuwa unakunywa uchafu kama huu?"

Akakimaliza chote.