Mkono wa Dokta Boadu

Esinam aliyaandika malalamiko yake, akayafuta, akayaandika tena, na kila alipoyasoma alijiona kama yeye ndiye mshitakiwa. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa kemia. Msimamizi wake, Dokta Boadu, alikuwa amefunga mlango wa ofisi, akamshika paja, akamwambia tasnifu yake haitapita mpaka ajifunze ukarimu. Kuyasema kwa mdomo kulimshinda. Sasa chuo kilitaka ayaweke kwa maandishi.

Naa Korkoi, aliyekaa naye chumba kimoja bwenini, aliweka kenkey, madonge ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga mezani, akaivuta karatasi.

"'Mkono uliwekwa kwenye paja langu,'" akasoma. "Mkono wa nani, shoga? Ulikuja wenyewe?"

"Si wataelewa tu."

"Wataelewa nini? Na hili la 'huenda nilimfahamu vibaya' umeliandika la nini? Wewe ndiye wakili wake?"

Esinam akalirudisha tonge sahanini. Nani angekubali kumsimamia tena, ikijulikana amemshitaki mwalimu?

Simu ikaita. Jina la Boadu. Korkoi akabonyeza spika kabla mwenzake hajakataa.

"Esinam, binti yangu," sauti ilitoka laini kama mafuta ya mawese. "Sura yako ya tatu nimeipenda sana. Pita ofisini jioni, watu wakishaondoka, nikutilie saini."

"Nimesikia, Dokta." Esinam akakata simu.

Saini ile alikuwa ameililia tangu mvua za mwanzo. Akajiwazia: aende, asimame karibu na mlango, achukue chake, anyamaze.

"Nikienda sasa hivi, mchana?"

"Kakwambia jioni," Korkoi alisema taratibu. "Unajua kwa nini."

Esinam akavuta karatasi nyingine. Dokta Boadu alifunga mlango. Dokta Boadu alinishika paja. Jina lile aliliandika kila mahali, wala hakulifuta. Mwisho akaongeza simu ya leo.

Pakabaki mahali pa shahidi. Siku ile aliposhikwa, Anti Dede, katibu wa idara, alimwona akitoka mbio ofisini, viatu mkononi. Esinam akamfuata kantini.

"Anti, naomba kuliandika jina lako."

Mama yule aliacha kutafuna, akageuka kutazama nyuma yake. "Mwanangu, watoto wangu wanakula kwa kazi hii."

"Ndiyo, Anti. Nisamehe."

Alikwisha kugeuka aende zake, machozi yakimlenga, aliposikia akiitwa.

"Rudi hapa. Hujaniuliza jina langu kamili. Comfort Dede Lartey. Ukiandika Dede tu, tuko wengi, watasema si mimi."

Barua ikapelekwa kabla ya jioni. Wiki zilizofuata Esinam hakujua kula wala kulala. Darasani watu walinong'ona akipita. Mbele ya kamati ya chuo, Boadu alidai binti ni mvivu anayetafuta pa kujificha. Anti Dede akasimama, akasema alichokiona.

Boadu alivuliwa usimamizi wa wanafunzi. Esinam naye alipewa msimamizi mwingine, na utafiti wake ukaanza karibu upya. Siku uamuzi ulipotoka hakushangilia. Alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na Korkoi akakaa kizingitini akiwafukuza waliokuja kupiga hodi.