Bisad Hajazaa Bado

Mong'ina alikuwa anashona kola ya shati la shule Hibo alipokuja kumwekea paka mapajani. Walitumia veranda moja sokoni Awendo. Cherehani ya Mong'ina ilikaa upande mmoja wa mlango, na upande wa pili zilining'inia dera na mashuka ya Hibo. Siku hiyo mashuka yalikuwa yamekunjwa na duka limefungwa. Mama yake Hibo alikuwa mgonjwa huko Garissa, na basi lilikuwa karibu kuondoka.

"Dada, huyu ana mimba," Hibo alisema. "Nishikie mpaka nirudi."

"Mimi sijawahi kuzalisha paka."

"Atazaa mwenyewe. Wewe mpe tu mahali pa giza kidogo, na chakula. Halafu usimhamishehamishe."

Paka huyo alikuwa wa kijivu, kifua cheupe. Hibo alimwita Bisad, jina ambalo kwa Kisomali ni paka tu.

Mwenye boda boda aliyempeleka Mong'ina nyumbani alisimama njiani kuangalia tairi la nyuma.

"Mama, umebeba simiti?"

"Ni paka. Iko na mimba."

"Ah," akasema yule mtu, akapanda tena na kwenda polepole mpaka walipofika.

Nyumba ya Mong'ina ilikuwa ya mabati, paa na kuta, sakafu ya saruji, na miwa ilianza pale uwanja ulipoishia. Ilijengwa na mumewe Ogweno wakati alipokuwa dereva wa lori la miwa. Ogweno alifariki mwaka uliopita wakati wa mvua za masika. Ndugu yake, Maurice, shemeji ya Mong'ina, alisubiri kumbukumbu ya mwaka ipite, kisha akaja na kuketi, akapokea chai, na kueleza mambo yatakavyokuwa. Nyumba ingebomolewa. Uwanja ungepandwa miwa pamoja na shamba lingine. Mong'ina angerudi kwao Kisii.

"Shemeji, ungekuwa na mtoto hapa dala, kwenye boma letu, tungeongea lugha nyingine," alisema Maurice. Hakuwa na hasira. Alimaliza chai na kuosha kikombe mwenyewe.

Mong'ina alikwenda kwa naibu wa chifu. Naibu alimsikiliza vizuri, akamwambia hayo ni mambo ya familia, na kwamba siku ya kubomoa angefika yeye mwenyewe ili kusiwe na vurugu.

Kwa hiyo Mong'ina alimwandalia paka mahali pa kuzalia katika nyumba ambayo haikuwa na muda mrefu wa kusimama. Alitafuta katoni ya sabuni, akakata upande mmoja ili Bisad aweze kuingia bila kuruka. Akatandika leso zake za zamani, zile laini zilizochujuka rangi, akasukuma katoni chini ya kitanda. Alichemsha mkasi na uzi. Aliweka chupa ya plastiki ya kutia maji ya moto, kwa sababu mtoto wa paka hufa kwa baridi upesi. Akapika dagaa wa omena bila chumvi, akawa anampa kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo lilikuwa limebana na hakuweza kula sana.

Bisad alikagua katoni, akazunguka ndani yake, akalala. Baada ya hapo katoni haikusogea tena. Mong'ina alijaribu kuivuta ili afagie, akashindwa. Halafu kitanda nacho kikakataa kusogea, na kabati, na meza. Sufuria na vikombe havikubadilika. Mlango ulifunguka na kufungwa kama kawaida. Alifagia pale ambapo ufagio ulifika.

Siku ya kubomoa Maurice alikuja na wanaume wa ukoo, nyundo na lori. Naibu wa chifu alisimama kando ya uwanja na fimbo yake. Wanaume wawili waliingia na kushika kitanda, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Wakakiacha. Wakashika meza. Wakatoka nje wakajaribu mabati, lakini misumari haikung'oka, na nyundo mbili zikavunjika mipini. Maurice akapiga simu, na baada ya muda likaja trekta lenye makucha ya kupakia miwa. Makucha yakaukamata ukingo wa paa. Injini ikanguruma, moshi ukatoka, kisha magurudumu ya nyuma yakainuka taratibu yakabaki hewani, dereva akiwa juu yake kama mtu aliyepanda mti.

Dereva alizima injini, akashuka.

"Hii nyumba iko na nini ndani?" aliuliza.

"Paka," Mong'ina alisema. "Bado hajazaa."

Naibu wa chifu aliingia ndani, akainama na kuchungulia chini ya kitanda. Aliporudi alijipangusa magoti.

"Ni kweli," alimwambia Maurice. "Itabidi mngoje azae."

"Atazaa lini?"

"Muulize shemeji yako."

Mong'ina alisema tumbo limeshuka na maziwa yameonekana, kwa hiyo ni karibu. Maurice alikubali. Kabla ya kuondoka aliuliza paka anakula nini.

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Alileta supu ya samaki, alileta maziwa ya ng'ombe wake. "Oyawore, shemeji. Amezaa?" Mong'ina alijibu bado. Maurice aliketi nje kwenye kiti, simu mkononi, akamwambia mwenye lori asipeleke gari mbali. Watu waliopita barabarani na mizigo ya kuni waliuliza habari za paka jinsi wanavyouliza habari za mgonjwa.

Mong'ina hakuwa analala vizuri. Kila Bisad alipopumua kwa nguvu, alishtuka. Aliweka kiganja juu ya lile tumbo na kuhisi watoto wakigeuka ndani, vichwa vidogo kama njugu, na moyo wake ukaenda pande mbili. Alitaka wazaliwe salama. Alitaka pia kubaki pale alipoolewa, ambapo alijua kila msumari. Alasiri moja, Maurice akiwa nje anacheka na mtu kwenye simu, Mong'ina alilala kifudifudi sakafuni, akasogeza mdomo karibu na katoni.

"Usizae kwanza," alisema. "Kaa nao kidogo."

Bisad alimtazama. Halafu akaweka kidevu juu ya miguu yake ya mbele, na tumbo lililokuwa likicheza likatulia.

Siku za kuzaa zikafika, zikapita. Maziwa yalivuja yakakauka kwenye manyoya. Bisad aliacha omena, kisha akaacha hata supu. Nyumba ilizidi kuwa nzito mpaka saruji ikapasuka ufa kutoka mlangoni hadi kitandani. Mong'ina akampigia Hibo.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Anakula uji sasa. Bisad je?"

Mong'ina alimweleza yote, pamoja na yale maneno aliyomwambia paka. Sauti za watu wengine zilisikika nyuma ya Hibo.

"Dada, sikiliza," Hibo alisema. "Paka nitapata mwingine. Wewe nyumba utapata wapi? Mimi nimekusamehe tayari. Fanya vile utaona."

Mong'ina aliposhusha simu, alitamani Hibo angemgombeza.

Maurice ndiye aliyemleta daktari wa mifugo. Aliitwa Mwikwabe, mtu wa Ntimaru, mrefu, aliyezoea ng'ombe. Alilala chini akaingiza mkono, akagusa, akasikiliza kwa kifaa chake. Aliomba Maurice atoke nje. Maurice akatoka.

"Wako wanne," Mwikwabe alisema. "Wawili mapigo yao ni mazuri. Wa tatu amechoka. Wa nne simsikii vizuri. Na mama yao ataoza na yeye, wakibaki humo."

"Kuna sindano?"

"Iko, lakini haitafanya kazi hapa. Njia imefunguka. Huyu anajizuia." Alivua kifaa masikioni. "Kuna mtu alimwambia angoje?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe utamwambia."

Alisema hivyo kama anavyoandikia watu dawa ya kupe, kisha akaenda dirishani akasimama amempa mgongo, ili Mong'ina awe na nafasi.

Nje, wanaume wa ukoo walikuwa wamefika na lori. Mong'ina aliwasikia wakiongea Dholuo, lugha aliyoijua sasa kuliko walivyodhani. Walikuwa wanabishana mabati yapakiwe kwanza au kitanda. Alikumbuka siku Ogweno alipopigilia bati la mwisho na kuteremka akiwa na misumari mdomoni, akishindwa kumjibu. Kama angenyamaza tu, wangerudi makwao leo pia, na kesho. Chini ya kitanda Bisad alihema mdomo wazi. Macho yake yalikuwa kwa Mong'ina, na hayakuwa yakilaumu. Yalingoja.

Mong'ina alipiga magoti. Alimwambia azae. Alimwambia kwa Kikisii, lugha ambayo hakuwa ameitumia ndani ya nyumba hiyo tangu aolewe, na alimwita mama.

Mwili wa Bisad ukakaza mara hiyo hiyo.

Wa kwanza alikuja vizuri, akiwa ndani ya utando wake, na mama yake akaurarua na kumlamba. Juu, bati moja lililia kama linavyolia jua likitoka baada ya mvua. Wa pili naye akatoka, na meza ikasogea yenyewe kidogo kwenye sakafu. Wanaume nje wakaacha kuongea.

Wa tatu alianza kwa mkia na kukwama. Bisad alipiga kelele, na Mong'ina akamshika yule mtoto kwa leso kama Mwikwabe, aliyekuwa amerudi kutoka dirishani, alivyomwonyesha, akivuta pale tu mama aliposukuma. Alitoka amelegea. Mong'ina alimfuta mdomo, akamsugua mgongoni kwa nguvu, akamgeuza, akamsugua tena.

"Shemeji," Maurice aliita kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini. "Amemaliza?"

"Bado."

"Usiache kusugua," Mwikwabe alisema.

Yule mtoto alipiga chafya. Kisha akalia, sauti nyembamba ajabu, na Mong'ina akamweka haraka kwenye chuchu, karibu na chupa ya maji ya moto.

Wa nne alikuja baadaye bila kusukumwa sana. Alikuwa wa kijivu, kifua cheupe, ametimia kucha na masharubu. Mong'ina alimsugua mpaka Mwikwabe akamgusa bega. Akamfunga kwenye kipande cha leso. Mong'ina hakulia. Alikaa naye mapajani akijua ni nani aliyemwambia mama yake angoje.

Kisha akasimama, akaenda mlangoni mwenyewe.

"Amemaliza," alisema.

Kazi ilikwenda upesi. Nyumba ilikuwa imekuwa nyepesi kuliko nyumba za kawaida. Misumari iling'olewa kwa vidole. Kabati lilibebwa na mtu mmoja chini ya kwapa, na mabati yaliposhushwa ilibidi yawekewe mawe yasipeperuke. Maurice alimshukuru Mungu kwa urahisi huo. Aliagiza katoni ya paka isiguswe mpaka mwisho, na aliposikia mtu akipayuka karibu nayo alimkemea. Mong'ina alikuwa ameshapanga na Hibo kulala stoo ya duka.

Alipotafuta mahali pa kumweka yule aliyekufa, Maurice alikuja na jembe.

"Unampeleka wapi?"

"Sijui. Sokoni hakuna mahali."

"Hapana, shemeji. Huyo amezaliwa hapa. Huyo ni wa hapa dala." Alimgeukia naibu wa chifu. "Ama ni vibaya?"

"Si vibaya," naibu alisema. "Aliyezaliwa hapa azikwe hapa. Hiyo haina kesi."

Maurice alichimba mwenyewe, pale kitanda kilipokuwa, baada ya kuvunja saruji kwenye ule ufa. Alichimba kina cha kutosha ili mbwa wasifukue. Mong'ina alimweka mtoto, Maurice akafukia na kupapasa udongo kwa mgongo wa jembe, na wanaume wa ukoo walivua kofia.

Boda boda ilikuwa inangoja. Mong'ina alipanda na katoni mapajani, nyepesi, watoto watatu wakinyonya ndani yake. Maurice alimshikia leso isinaswe na gurudumu.

"Usiwe na wasiwasi juu ya huyo," alimwambia. "Trekta likija kulima, nitamwambia dereva azunguke hapo."

Mong'ina alimwambia asante.