Mkono Uliozoea Magunia

Gari la moshi lilikuwa limeshaanza kutambaa wakati Shitanda, nyapara wa makuli, alipokimbia kando yake na gunia tupu begani, akipiga kelele.

"Bwana Simu! Ukikalia kiti huko Timboroa usitusahau! Gonga useme, makuli wa Eldoret leo wote walale!"

Makuli wengine wakaangua kicheko pale kwenye malundo ya mahindi. Wepukhulu alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa la mwisho, lile la gadi, msimamizi wa gari, amevaa koti la kuazima lililombana makwapani. Akawapungia mkono. Nangila, mkewe, hakupunga. Alisimama karibu na tangi la maji, mtoto mgongoni, na binti yao Nelima akiwa ameshika rinda lake. Aliyokuwa nayo ya kusema alikwisha kuyasema asubuhi, akikoroga uji.

"Baba Nelima, nenda. Ukipata hiyo kazi nitakufuata huko kwenye baridi na sitalalamika. Ukikosa, mimi narudi Kimilili na watoto. Shamba la mama yako linaota magugu tu."

"Nikikosa, hata mimi nitakuwa nimechoka."

"Wewe kuchoka ulianza zamani. Shida yako ni kwamba unachoka na bado unangoja. Mimi kungoja kumenishinda."

Sasa stesheni ikawa ndogo nyuma yake, mapaa ya mabati yakabaki yanameta, na gari likaingia kwenye mashamba ya Makaburu, ngano pande zote hadi macho yachoke.

Kungoja kwenyewe kulianza hivi. Wepukhulu alipokuwa kijana, wamisheni wa kwao walifungua darasa la simu. Si simu hii ya kusemea mdomoni. Ni ile ya kugonga, ambapo mtu hukaa mbele ya kigongeo cha shaba, akagonga fupi, akagonga ndefu, na mwenzake aliye stesheni nyingine akasikia tik na tik-tik, akaandika maneno. Mwalimu alikuwa Mzungu mwenye mguu wa mti, aliyeifanya kazi hiyo katika vita vya Wajerumani. Vijana waliingia wengi, wengine wakatoroka, wengine wakasema vile vidoko vinawaingia hata kwenye ndoto. Wepukhulu alimaliza wa kwanza. Mwalimu alimwambia mkono wake ni mwepesi kama wa mpiga nyuzi za litungu. Akapewa cheti, akaenda Eldoret wakati reli ilikuwa mpya, akijua moyoni kwamba gari haliendi bila simu, na simu haiendi bila watu kama yeye.

Jambo moja hakulijua, na mwalimu hakumwambia, labda naye hakulijua. Kile kiti cha simu kilikuwa na wenyewe. Mhindi au Mgoa ndiye aliyekikalia, Mzungu akakagua, Mwafrika akabeba. Halikuandikwa mahali popote, lakini kila mtu pale stesheni alilijua kama anavyojua mlango uko upande gani. Wepukhulu alipopeleka cheti chake dirishani aliambiwa, njoo mwezi ujao. Mwezi ujao akaambiwa bado. Na kwa kuwa tumbo halijui bado, akashika kazi ya kubeba magunia, ya muda tu. Hiyo ya muda tu ikaoa, ikazaa mtoto wa kwanza, ikazaa wa pili. Mwaka ulipofika wa thelathini na nne, mashamba yalipokuwa yamekwisha kuliwa na nzige na bei ya mahindi imeanguka, bado alikuwa anabeba.

Kila mwaka alirudi dirishani. Alijaribu posta, alijaribu Kisumu, alijaribu hata Nakuru kwa miguu yake. Kote aliulizwa swali lilelile: umefanya kazi ya simu wapi? Akajibu hajafanya kwa sababu hajapewa. Wakasema basi, tutampaje mtu ambaye hajafanya?

Kilichokuwa kinamtesa zaidi ni kwamba ghala la mizigo lilipakana na chumba cha simu. Ukuta ulikuwa wa mabati. Gunia begani, jasho machoni, na sikio likisoma kila kitu: gari limechelewa Ainabkoi, mke wa mkaguzi amejifungua, pelekeni mabehewa matupu sita. Shitanda alipogundua, akazifanya habari hizo kuwa mali ya wote.

"Bwana Simu, inasema nini?"

"Gari limekwama Timboroa. Ukungu."

"Mmesikia? Laleni, wazee, laleni."

Wakawa wanalala. Ndivyo karani Mgoa wa Eldoret alivyong'amua. Aliona makuli wake wamejinyoosha kivulini kila gari linapochelewa, tena kabla yeye mwenyewe hajamwambia mtu. Akauliza, akaonyeshwa Wepukhulu. Hakukasirika. Alicheka mpaka akavua miwani, na siku nyingine alipokuwa akiongea na mkaguzi wa simu, Bwana Hartnell, akamsimulia kama kichekesho.

Lakini Bwana Hartnell alikuwa na shida yake. Kule Timboroa, ambako reli inapanda juu kuliko mahali pengine pote na baridi yake hupasua midomo, karani Mhindi aliyeitwa Babu Chunilal alikuwa anakohoa damu na anataka kuondoka. Kila karani aliyetajiwa Timboroa alipata ugonjwa ghafla. Bwana Hartnell akasema, mleteni huyo kuli nimpime. Akiweza, nitamweka. Asiyetaka kuamini na asiamini.

Ndiyo sababu ya koti la kuazima.

Njiani Wepukhulu alikaa juu ya sanduku la gadi, akawa anagonga gotini kwa vidole. Alifanya hivyo miaka yote: kanisani, kwenye foleni ya posho, kitandani. Goti halikuwahi kumkosoa. Fupi, ndefu, fupi. Walipofika Ainabkoi, gari likisimama kunywa maji, wanawake wakaja na viazi vya kuchemsha. Alinunua kimoja, akakishika tu kipashe mkono moto.

"Unagonga nini hapo, kuli?" gadi akamwuliza.

"Nakumbusha mkono."

"Kumbusha. Huko juu hata mikojo huganda."

Timboroa ilikuwa nyumba mbili, tangi na ukungu. Msitu ulikuja hadi kwenye reli. Babu Chunilal alikuwa amejifunga blanketi mpaka kichwani, jiko la makaa kati ya miguu. Alimtazama Wepukhulu kwa namna ya mtu anayemtazama daktari.

"Wewe ndiyo Bwana Simu? Kaa karibu na moto. Mungu akubariki. Weza tu, mimi iende kwetu."

Bwana Hartnell aliingia, mrefu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa kile Kiswahili cha Wazungu, "Kwanza sikia. Halafu piga."

Wepukhulu akakalia kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu darasani. Karani wa Ainabkoi akaanza kugonga, haraka, habari za mabehewa ya ng'ombe na fundi wa daraja, na penseli ya Wepukhulu ikakimbia kama inajua njia. Alipomaliza, Babu Chunilal akaisoma karatasi, akafumba macho, akasema kitu kwa lugha yake. Bwana Hartnell akaisoma mara mbili.

"Hakuna kosa," akasema. "Hakuna hata moja. Sasa piga."

Wakati huo, kwa macho ya moyo, Wepukhulu alimwona Nangila akishuka kwenye gari pale nje na vyungu vyake, akilalamika juu ya baridi pamoja na kuahidi kutolalamika. Akaweka vidole kwenye kigongeo. Kile kitu kilikuwa chembamba, laini, cha kushikwa kwa ncha za vidole. Vidole vyake vilikuwa vinene, ngozi ngumu kama soli, na kifundo cha mkono kilichokaza kwa miaka ya kuning'iniza gunia. Akagonga.

Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia.

Ile fupi ilitoka ndefu. Ile ndefu ilikatika katikati. Lilikuwa neno la mtu mwenye kigugumizi, na sikio lake, lisilowahi kukosea, likamhesabia kila kosa. Akasimama, akapuliza vidole, akaanza tena. Alijua kabisa anataka kusema nini na sauti yake inapaswa kuwaje. Mkono ukawa unakwenda kama unavyokwenda kwenye gunia: shika, vuta, tupa.

Ainabkoi ikajibu: Nani huyo?

Akagonga tena.

Ainabkoi ikajibu: Mtoeni huyo mlevi kwenye simu.

Hakuna aliyehitaji kumtafsiria. Babu Chunilal akageuza uso kwenye makaa. "Baridi," akasema. "Bwana, ni baridi tu. Pasha moto. Apige tena kesho."

"Si baridi," Wepukhulu akasema.

Bwana Hartnell akauchukua mkono ule, akaugeuza, akaubonyeza kwenye kiganja kama mtu anayenunua farasi. "Mkono yako imekwisha, rafiki," akasema polepole. "Sikio mzuri sana. Mkono ya kuli. Kama ungekuja kwangu ile wakati ya kwanza…"

"Ile wakati ya kwanza nilikuja, Bwana. Dirishani Eldoret. Niliambiwa nije mwezi ujao."

Bwana Hartnell akauachilia ule mkono. Akavaa kofia, akaivua tena. "Sikiliza. Kaa hapa. Beba mizigo ya hapa, wewe fanya mazoezi na Babu siku ya Jumapili. Mimi itarudi. Mwezi ujao."

Hapo ndipo mtu angesema hapana. Wepukhulu alijua ndipo. Alikuwa na jibu, hata alikuwa na mtu wa kumpelekea, yuko Eldoret anafunga vyungu. Lakini mdomo nao ulikuwa umezoea.

"Ndiyo, Bwana," akasema, kabla hajafikiri.

Babu Chunilal akamwongezea makaa.

Bwana Hartnell hakurudi mwezi ule. Alihamishiwa Tanganyika, na aliyekuja baada yake hakuwa na habari ya kuli yeyote mwenye sikio. Babu Chunilal alivumilia hadi mvua ya pili, akapelekwa kwao akiwa kwenye machela, na habari zake ziliishia hapo. Kiti chake kilipewa Mgoa kijana kutoka Nairobi.

Nangila aliondoka Eldoret wiki ileile alipopata habari kwamba kazi imekosekana. Alilima Kimilili, akauza mahindi, akajenga nyumba ya vyumba viwili, hakuolewa tena na hakutuma mtu kumwita mumewe. Wepukhulu alibeba mizigo Timboroa miaka sita. Jumapili alifanya mazoezi kwa muda, mkono ukalegea kidogo, haukulegea vya kutosha, akaacha. Kifua kilipoanza kumsumbua alirudi nyumbani. Nangila alimpa kigoda, kisha kesho yake akampa jembe. Waliishi pamoja bila kuzungumza sana, na Wepukhulu akafa mwaka wa hamsini na mbili.

Shitanda aliacha kubeba, akafungua duka la chai upande wa Langas, pembeni mwa Eldoret, likafungwa, akafungua lingine. Nelima aliolewa na mwalimu anayeitwa Kituyi. Mdogo wake Nelima, yule wa mgongoni, alikufa kwa surua akiwa bado mtoto. Karani Mgoa wa Eldoret alistaafu, akabaki palepale mjini, na makuli waliokuja baadaye hawakujua tena gari limechelewa mpaka waambiwe.